Signe na Kurasa za Majibu

Hakuna mtu katika mji wa Hancock aliyeijua saikolojia kumshinda Signe Ylitalo, na bado saikolojia ilikuwa imemwangusha mara mbili.

Hilo ndilo lililomchoma. Kemia aliiweza. Fizikia, ambayo wengi huiogopa, aliipita bila jasho. Lakini mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari una sehemu nne, na ile ya mwisho, inayokuja mtu akiwa ameshachoka, huuliza juu ya akili ya binadamu: watu hujifunza vipi, huvutwa na nini, kwa nini huendelea na jambo na kwa nini huliacha. Watahiniwa wengine huiita sehemu ya kupumzikia. Signe aliingia humo akiwa amesimama wima na mara zote mbili akatoka ameinama.

Sasa ilibaki mara moja tu yenye maana. Chuo kimoja kusini mwa Michigan kilikuwa kimemhoji na kumpenda. Kilikuwa na nafasi chache zilizotengwa kwa watu wa rasi ya kaskazini, ambako theluji hufunika madirisha ya chini na daktari akistaafu hapatikani wa kushika nafasi yake. Mama mmoja wa ofisi ya udahili alimpigia simu akamweleza kwa upole, bila kuzunguka. Nafasi yako ipo, alisema, ila alama zako hazijafika. Rudia mtihani mwezi wa Mei. Zikifika, njoo. Zisipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na mpango wenyewe unafungwa mwaka huu.

Signe alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wagonjwa ndani ya gari la dharura, na alikuwa amechoka kuwafikisha watu hadi kwenye mlango wa chumba cha matibabu kisha mlango huo ukafungwa mbele ya uso wake. Alitaka kuingia nao. Hamu yake ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa kubwa.

Aliishi na baba yake, Arvo, mjane aliyestaafu kuendesha gari la kuondoa theluji la kaunti. Arvo hakusoma sana, lakini aliheshimu kitabu kama alivyoheshimu injini: hukigusi kwa mikono michafu na hukiachi nje kilowe. Binti yake alipoanza kujiandaa kwa mara ya tatu, alimwachia meza yote ya jikoni, akaanza kula kwa sahani iliyowekwa gotini.

Kwanza Signe alijaribu zawadi. Vitabu vilisema kwamba tendo likifuatwa na kitu kizuri hurudiwa, na kitu kizuri kilikuwepo nyumbani: mkate mtamu wa iliki ambao shangazi yake Helmi aliuoka kila wiki. Signe aliukata vipande vidogo. Jibu moja sahihi, kipande kimoja. Mkate ulikwisha upesi, naye akafurahi, mpaka alipogundua kwamba siku zote hizo alikuwa akichagua sura alizokwisha kuzielewa.

"Basi tumejua jambo moja," Arvo alisema. "Katika somo la mkate umefaulu vizuri sana, binti yangu."

Baba mwenyewe alikuwa na msaada wake. Alikaa chumba cha pili akisikiliza, na kila aliposikia binti yake akishusha pumzi nzito, alimletea kikombe cha kahawa. Haukupita muda Signe akawa anashusha pumzi nzito kama ng'ombe mgonjwa, asijue kwa nini. Aliyeligundua jambo hilo ni Marvella.

Marvella Pruitt alikuwa binti wa Detroit, mwanafunzi katika chuo kikuu cha ng'ambo ya daraja, upande wa Houghton. Yeye naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani uleule, ingawa wake ulikuwa wa Agosti. Alikuwa mdogo wa Signe kwa miaka mingi, lakini mdomo wake ulikuwa umemtangulia kukua. Kila Ijumaa mchana alikuja kusoma kwenye meza ya kina Ylitalo. Alipotazama ile kahawa ikiingia na kutoka, alimgeukia Arvo.

"Mzee, kwa heshima zote, unamfundisha mwenzangu kuguna."

Arvo alimjibu kwamba ameendesha mtambo wa theluji maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuilalamikia kahawa yake. Ila toka siku hiyo aliacha kuileta, akawa anakaa na birika lake kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Fumbo likabaki palepale. Marvella alipokwama, Signe ndiye aliyemwelewesha. Alimweleza tofauti ya kumwadhibu mtoto na kumwondolea kero, akamweleza kwa nini mchezaji kamari haachi hata akishindwa siku nzima, na kwa nini mtu aliyeshindwa mara nyingi huacha kujaribu hata mlango ukiwa wazi. Alieleza vizuri kiasi kwamba Arvo aliacha kutafuna ili asikie. Kisha walipofanya jaribio lililopimwa kwa saa, Marvella alipata alama nzuri na mwalimu wake akapata mbaya.

"Sielewi," Marvella alisema. "Mimi nakopi kutoka kwenye kichwa chako, halafu nakushinda?"

Signe alisema ni woga. Siku nyingine alisema ni kumbukumbu. Siku nyingine alisema ubongo wake umezeeka.

Jumamosi moja Helmi alimwalika Marvella kwenye sauna, chumba cha mvuke kilichokuwa nyuma ya nyumba. Arvo aliwasha moto mapema, na kama kawaida wanawake waliingia kwanza. Helmi alipanda benchi la juu kabisa, mahali pake tangu ujana, Signe akakaa chini yake, na Marvella, aliyekuwa hajawahi kuingia humo, akakaa karibu na mlango akijifunika taulo kama mtu anayesubiri basi. Helmi alichota maji kwenye ndoo akayamwaga juu ya mawe. Mvuke uliposhuka, Marvella alifungua mlango akatoka.

"Huko Detroit hakuna joto?" Helmi alimuuliza aliporudi.

"Lipo, shangazi. Ila hatujifungii nalo chumbani."

Helmi alimwaga tena, Marvella akatoka tena, na baridi ikaingia hadi magotini mwa watu. Mara iliyofuata Helmi alinyoosha mkono tu kuelekea kwenye ndoo, hata kata hajaishika, na Marvella alikwisha kuwa nje. Signe alicheka hadi akashika mbavu.

"Umeona, mdogo wangu? Mwanzo ulikimbia mvuke. Sasa unakimbia ndoo."

Akaanza kumfundisha kupitia upenyo wa mlango. Joto linakuudhi, alisema, unatoka, joto linakuachia, unapata nafuu. Ile nafuu ndiyo mshahara wa miguu yako. Kwa hiyo mara nyingine miguu hutoka mapema zaidi. Watu hudhani hiyo ni adhabu, lakini adhabu hupunguza tendo, na hapa tendo linaongezeka. Vitabu huliita jambo hilo uimarishaji hasi: kitu kibaya kinaondolewa, na tendo lililokiondoa linatia mizizi. Na ubaya wake ni kwamba mtu anayekimbia kila mara hapati kamwe nafasi ya kujua kwamba angeweza kukaa.

Marvella alisikiliza huko nje, mabega yakifuka mvuke katika ule ubaridi.

"Maelezo mazuri, dada. Sasa niambie. Lile swali la jana la panya na taa, ulilijibu wewe au kitabu?"

"Mimi."

"Ulilisoma mara moja. Ukaguna. Ukafunua nyuma kwenye majibu. Halafu ukasema, ah, hili nilikuwa nalijua. Unafanya hivyo kila swali likiwa gumu. Mimi nakimbia ndoo, wewe unakimbia swali."

Helmi alisema kwamba wana ruhusa ya kugombana wapendavyo, ila mlango ufungwe.

Signe alikasirika. Wakati wa chakula hakumpitishia Marvella viazi, na katika nyumba hiyo hilo lilikuwa tusi. Maneno ya mtoto wa juzi, alijiambia. Mtu mzima anayesoma kwa bidii kiasi hiki, aambiwe anakimbia?

Asubuhi ya Jumapili aliketi mezani ili athibitishe kwamba mwenzake amekosea. Alifungua kitabu cha maswali, akasoma swali la kwanza, likamwendea vizuri. La pili vilevile. La tatu lilikuwa refu, lenye vikundi viwili vya watoto na vitendawili, na alipofika katikati alihisi kifua kikibana kidogo, jambo dogo tu, kama mtu anayeingia kwenye chumba akasahau alichofuata. Hapo akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa chini ya kitabu. Kidole cha kati kilikuwa kimeingia kwenye kurasa za majibu, kimeshika mahali, kinasubiri.

Hakukumbuka kukiweka. Aligeuza kitabu, akaona kwamba kona ya chini ya kurasa za nyuma imechakaa na kuwa nyeusi, huku kurasa za maswali zikiwa safi. Akachukua kitabu cha kemia. Kona zake zilikuwa sawa pande zote. Kemia alikuwa akiikokotoa kwa kalamu mpaka mwisho, kwa sababu hesabu humlazimisha mtu afanye. Saikolojia ilikuwa maneno, na maneno ya jibu, mtu akishayasoma, huonekana kama yake mwenyewe.

Mwaka mzima alikuwa amejizoeza kwa bidii isiyo na kifani, si kujibu maswali bali kuyatoroka, na katika kutoroka alikuwa bingwa. Kila alipobanwa alifunua, akapata nafuu, na nafuu ikakifundisha kidole. Alikuwa ameisoma kanuni hiyo, akaieleza kwa wengine, akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu.

Alimpigia simu Marvella akamwomba radhi.

"Usiombe radhi," Marvella alisema. "Viazi vilikuwa na chumvi nyingi hata hivyo. Sema utafanya nini."

Alichofanya ni kuchukua mkasi. Alikata kurasa zote za majibu, akazifunga kwa kamba, akamkabidhi baba yake. Sharti lilikuwa fupi: hapewi ukurasa wowote mpaka amalize fungu zima, na kila swali awe amelijibu, hata kwa kubahatisha. Arvo alizifungia kwenye sanduku la vifaa ndani ya lori lake, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Ijumaa iliyofuata Marvella alimketisha mzee kama mwalimu mkuu anavyomketisha mzazi. Alimwonya kwamba mambo yatazidi kuwa mabaya kabla hayajawa mazuri. Tendo lililozoea kulipwa likikosa malipo, alisema, halifi kimya. Kwanza hupiga kelele. Atakuomba. Atakubembeleza, pengine atakutukana. Ukimpa wakati huo, utakuwa umemfundisha kwamba ukiomba sana unapewa, na hapo hutaweza kumzuia tena.

Arvo alimwambia kwamba mwenyekiti wa mji aliwahi kumwomba mara nyingi aanze na barabara ya nyumbani kwake kila theluji ikianguka, na hata leo mwenyekiti anasubiri.

Lakini mwenyekiti hakuwa binti yake. Wiki iliyofuata Signe alianza na maswali machache tu, mafungu madogo, kwa sababu anayefundisha mnyama kuruka haanzi na ukuta mrefu. Hata hayo machache yalimwadhibu. Alisimama, akaketi, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mchana wa Jumatano alilikuta swali lililomkaba, akalisoma hadi maneno yakapoteza maana, kisha akatoka hadi uani ambako Arvo alikuwa akipasua kuni.

"Baba, nipe ukurasa mmoja. Huu mmoja tu."

"Umemaliza fungu?"

"Siwezi kumaliza. Hili swali limeandikwa vibaya. Nataka kuhakikisha tu."

"Maliza kwanza."

Hapo akaanza kulia, yeye ambaye hakulia barabarani wala kwenye ajali. Alimwambia baba yake kwamba nafasi yake inapotea kwa ajili ya mchezo wa watoto, na kwamba yeye baba haelewi chochote kuhusu mtihani huu kwa sababu hajawahi kufanya mtihani hata mmoja maishani zaidi ya ule wa leseni. Maneno hayo yalipotoka, wote wawili waliyasikia.

Arvo aliweka shoka chini. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukaushika ufunguo, ukakaa hapo. Alitaka kumpa. Mtu aliyembeba mtoto huyu mgongoni kwenye theluji hakuwa na nguvu za kumtazama akilia.

"Ni kweli, sijafanya," alisema. "Lakini najua kusubiri barabara ifunguke. Rudi ndani, mama. Sikupi."

Signe alirudi ndani akibamiza mlango. Alikaa mbele ya swali akiwa na hasira ya watu watatu. Halikuwa na pa kukimbilia, wala yeye. Basi akalisoma tena, polepole, kwa kukosa la kufanya. Akajiuliza: katika hadithi hii, nini kimeondolewa? Nani amepata nafuu? Tendo gani limeongezeka? Na kule ndani, nyuma ya ile hasira, jibu lilikuwepo. Lilikuwepo muda wote. Yote aliyoyasoma mwaka mzima yalikuwa yamejipanga huko yakingoja mwenye nyumba aitikie mwenyewe, badala ya jirani kuitikia kwa niaba yake.

Alilijibu. Akajibu linalofuata. Alipomaliza fungu alitoka nje kimya, na Arvo, bila kuuliza, akafungua sanduku akampa ukurasa. Juu yake aliweka kikombe cha kahawa. Majibu yake yote yalikuwa sahihi isipokuwa moja, na lile lililomliza halikuwa hilo moja.

"Baba, yale niliyoyasema."

"Yapi?" Arvo alisema, akaendelea kupasua kuni.

Kutoka hapo mafungu yaliongezeka urefu. Hamu ya kufunua ilirudi mara kwa mara, ikazidi kudhoofika, kama mbwa anayebweka kwenye nyumba iliyohamwa. Signe alianza kuyatafuta maswali magumu, kitu ambacho mkate wa iliki haukuweza kumfanyia. Kila alipolikalia swali hadi likafunguka alipata ladha fulani isiyokatwa vipande wala kuletwa na mtu, na ladha hiyo ikamrudisha mezani kesho yake kabla ya kengele ya saa. Marvella alianza kushindwa kwenye majaribio, akasema urafiki huu una hasara.

Mtihani ulifanyika Green Bay, mwendo wa saa kadhaa kusini. Arvo ndiye aliyeendesha lori. Alimshusha mlangoni, akamwambia atakuwa kwenye mgahawa wa jirani, akatazama mbele ili binti asimwone uso.

Sehemu tatu zilipita kama barabara iliyosafishwa. Ya nne ilipofunguka kwenye kompyuta, Signe alishapungukiwa na maji ya mwili na ya akili. Fungu la kwanza lilikuwa laini. La pili vilevile. La tatu lilieleza uchunguzi wa watu walioacha kujaribu, na maswali yake yalikuwa yamesokotwa hivi kwamba kila jibu lilifanana na jingine. Kifua kikabana. Mkono wa kushoto ukateleza wenyewe hadi chini ya kibao walichopewa cha kuandikia, na kidole kikapapasa. Kulikuwa na meza tupu.

Hamu ilimpanda kwa nguvu kuliko siku ya uani. Ilimwambia asimame, abonyeze jibu lolote, aende zake. Signe aliijua kwa jina. Alijua kwamba hupanda hivyo inapokaribia kufa, na kwamba kitu pekee inachohitaji ili iishi ni yeye kuilisha. Aliutoa mkono chini ya kibao akauweka juu ya meza mahali anapouona. Akakaa. Kushoto na kulia kwake watu walikuwa wameinama juu ya kompyuta zao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pale katikati yao kuna mtu anayeshinda vita. Ile hamu ilifika kileleni, ikasimama, ikashuka. Akasoma tena kuanzia mwanzo. Jibu lilikuwa la tatu. Linalofuata lilikuwa la kwanza. Akaenda hivyo mpaka mwisho, hakuruka hata swali moja.

Kwenye mgahawa alimkuta Arvo na sahani ya samaki ambayo hakuigusa.

"Vipi?"

"Nimejibu yote."

"Sawasawa?"

"Sijui kama ni sawasawa, baba. Ila yote nimeyajibu mimi."

Mzee akamsogezea samaki.

Majibu ya mtihani yalitoka asubuhi moja ya Juni. Helmi alikuja na aproni yake, Marvella akaja na viatu visivyofungwa kamba, na Arvo akasimama nyuma ya kiti bila kuwa na pa kuweka mikono. Chuo kilitaka mia tano na sita. Signe alisoma kimya, akarudisha macho juu, akasoma tena.

"Mia tano na kumi na tatu," alisema.

"Rudia," Arvo alisema.

Alirudia. Kisha akasoma alama za kila sehemu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho, saikolojia. Helmi aliketi juu ya mfuko wa unga uliokuwa kwenye kiti na hakugundua. Marvella alimshika Signe kichwa kwa mikono miwili akakitikisa kama tikiti maji, akisema kwamba yeye alishajua, na kwamba Agosti asije mtu kumwambia habari ya kukimbia.

Signe alipiga simu ofisi ya udahili papo hapo. Yule mama aliangalia, na aliposema tena upole wake ulikuwa umechanganyika na kicheko. Nafasi ilikuwa yake. Masomo yanaanza Agosti. Je, atakuja?

"Nitakuja," Signe alisema. "Niandike. Nakuja."

Aliposhusha simu, baba yake hakuwepo jikoni. Alimwona dirishani, katikati ya barabara, amemsimamisha jirani aliyekuwa akipita na gari, ameweka kiwiko juu ya mlango wake, na nyuma yake magari mengine mawili yalikwisha kusimama. Sauti iliyozoea kushindana na injini ilifika mpaka ndani: binti yangu ni daktari.

Signe alifungua dirisha. "Bado miaka mingi, baba. Sijaanza hata kusoma."

"Najua," Arvo alijibu bila kugeuka. "Ninawaambia mapema ili wapange foleni."